KONA YA FAMILIA: Mmarekani aliyekuja Arua kujifunza kuwa Amin

  Mvua imetutesa kidogo, barabara ya Koboko ina matope ya kumeza pikipiki, lakini gazeti limefika. Mwezi huu tulikuwa tumepanga kuongea juu ya bustani za mboga nyuma ya nyumba. Tunaomba mboga zisubiri, maana kumetokea jambo moja na tumeona tulizungumze likingali moto.

Mama mmoja alikuja kwetu asubuhi, amemshika mwanawe mkono. Kijana ana miaka 14. Yuko kwenye kikundi cha maigizo cha vijana, kile kinachojitayarisha kwa Siku ya Wakimbizi Duniani, tarehe 20 Juni. Katika mchezo wao yeye amepewa kuwa mwanajeshi anayechoma nyumba. Tangu siku hiyo wenzake wanamwita "Komanda". Akienda bombani kuchota maji, Komanda. Akipita uwanjani, Komanda. Mama yake akatuambia hivi: "Baba yake aliuawa na watu waliovaa nguo kama zile. Huyu wangu hatazivaa. Mpeni mtoto wa mwingine." Kijana alikuwa anaangalia chini tu. Halafu akasema, kwa sauti ndogo, kwamba yeye anaitaka ile sehemu.

Hapo ndipo kazi ilipoanza. Tukiri kwamba siku ile hatukuwa na jibu. Tulimpa mama kiti, tukampa chai, tukamwambia "mama, tuachie siku chache". Alipoondoka tukabishana sana wenyewe kwa wenyewe. Wengine wetu tulisema mama ana haki kabisa. Wengine tulisema, sasa kama hakuna mtoto wa kuwa mbaya, mchezo utakuwaje? Watacheza wakimbizi wanaokimbia kitu gani? Ndipo mmoja wetu akasema: "Na yule Mmarekani aliyekuja Arua kuwa Amin, je?"

Basi leo tunawasimulia habari za huyo Mmarekani. Anaitwa Forest Whitaker.

Wengi wenu mmemwona bila kujua jina lake. Kwenye vibanda vya video vya Arua na Koboko ni yule mtu mkubwa, mpole wa sura, ambaye kope la jicho lake la kushoto limelegea kama mtu aliyeamka sasa hivi. Hiyo si kuigiza, ndivyo alivyoumbwa. Kuna waigizaji wangeficha jicho kama hilo kwa miwani. Yeye ameliacha lionekane tangu ujana, na leo watu wanamtambulia hapo hapo.

Alizaliwa tarehe 15 Julai 1961 huko Longview, katika jimbo la Texas, Marekani. Baba yake alikuwa anauza bima. Mama yake alikuwa mwalimu wa watoto wenye mahitaji maalum. Akiwa bado mdogo familia ilihamia upande wa Los Angeles, mtaa wa watu weusi wa kawaida. Siku alipopewa tuzo kubwa ya Oscar alikumbusha jambo moja ambalo nyie wa vibanda mtalipenda: utotoni yeye aliona sinema akiwa kiti cha nyuma cha gari la wazazi wake, kwenye vile viwanja vya wazi ambako watu huegesha magari na kutazama kitambaa kikubwa mbele yao. Kutazama sinema nje usiku, mbu wakiwapo, si mambo ya kambini peke yake!

Shuleni alikuwa mchezaji wa ule mpira wa Kimarekani wanaokimbia nao mkononi. Ni mpira uliomwingiza chuo kikuu, walimlipia masomo kwa ajili yake. Halafu akaumia mgongo. Mpira ukaisha. Kijana mwenye mwili ule, aliyetegemea miguu na mabega, sasa afanye nini? Alikuwa anaimba, wanakwaya mtaelewa, sauti ya tatu. Akaenda kusomea muziki, na kutoka muziki akaingia kwenye kuigiza. Tunawaambia hili kwa sababu tunawajua vijana wengi hapa ambao shule ilikatika darasa la sita au kidato cha pili kwa ajili ya vita, nao wanaongea kana kwamba maisha yote yamekatika pale pale.

Alianza na sehemu ndogo ndogo, kwenye sinema na kwenye vipindi vya televisheni. Mwaka 1985 alikuwamo kwenye hadithi ndefu ya televisheni kuhusu vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, iliyoitwa North and South. Mwaka 1986 akawa askari katika filamu ya Platoon, ya vita vya Vietnam. Mwaka 1988 akamwigiza mpiga saksafoni Charlie Parker katika filamu ya Bird, na huko Cannes, Ufaransa, wakampa tuzo ya mwigizaji bora. Lakini hata baada ya hapo hakuwa wale wanaopigiwa simu kila siku. Alifanya kazi miaka mingi, mara baba wa fulani, mara rafiki wa fulani.

Tukija kwenye televisheni yenyewe, mwaka 2006 ulikuwa mwaka wake. Katika The Shield alikuwa mpelelezi anayewawinda polisi wala rushwa. Katika ER, ile ya hospitali, alikuwa fundi seremala aliyepata kiharusi na kupoteza nguvu za mkono, akawapeleka madaktari mahakamani. Sehemu hiyo ilimpeleka kwenye orodha ya waliopendekezwa kwa tuzo ya Emmy, ambayo ndiyo tuzo kubwa ya televisheni kwao. Mwaka 2016, waliporudia kutengeneza Roots, hadithi ya Kunta Kinte, yeye alikuwa Fiddler, yule mtumwa mzee mpiga fidla anayemfundisha Kunta namna ya kuishi. Na kuanzia 2019 hadi 2025 alikuwa mwenye mchezo mwenyewe katika Godfather of Harlem, akimwigiza Bumpy Johnson, jambazi wa kweli wa mtaa wa watu weusi wa New York. Angalieni vizuri: jambazi tena! Mtu mpole kama huyu, na bado wanamtafuta kwa ajili ya watu wagumu.

Sasa tuje nyumbani.

Mwaka 2005 watu wa filamu walikuja Uganda kutengeneza The Last King of Scotland, kutoka kwenye kitabu cha Giles Foden kilichotoka mwaka 1998. Ni hadithi ya daktari kijana Mzungu anayekuwa daktari wa Idi Amin. Daktari huyo ni wa kubuni, hakuwepo. Amin alikuwepo, na nani katika West Nile asiyemjua? Baba yake alikuwa Mkakwa wa Koboko, mama yake Mlugbara. Aliingia jeshi la Waingereza, King's African Rifles, mwaka 1946, akawa bingwa wa ngumi, akachukua serikali tarehe 25 Januari 1971, akaondolewa Kampala tarehe 11 Aprili 1979. Alifia uhamishoni Jeddah, Saudi Arabia, tarehe 16 Agosti 2003. Yaani naye alimaliza maisha yake katika nchi ya watu. Lakini huyo hakupanga foleni ya mgao, tusilinganishe.

Whitaker angeweza kukaa hotelini Kampala na kusoma karatasi zake. Hakufanya hivyo. Alitafuta watu waliomjua Amin: maofisa wa zamani, walioteswa, waliompenda. Alipanda huku juu mpaka Arua akaonana na ndugu zake Amin. Alijifunza kupiga akodiani, kile kinanda cha kuvuta na kusukuma, kwa kuwa Amin alikipiga. Aliongeza mwili. Na alijifunza Kiswahili, wasomaji wetu! Kiswahili hiki hiki. Kile cha kambi za jeshi, ambacho Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na ambacho mpaka leo watu wengine kule kusini wanakiona lugha ya askari na ya kuporea watu. Sisi tunaotoka Kongo tukifika Kampala na Kiswahili chetu, watu hututazama kwa jicho la kando, na wengi hatujui kwamba sababu moja ni hiyo.

Alicheza pamoja na Waganda wenyewe: Stephen Rwangyezi wa kikundi cha ngoma cha Ndere, Abby Mukiibi, na Okello Sam. Huyu wa mwisho mkumbukeni, tutamrudia. Tarehe 25 Februari 2007 Whitaker akapewa Oscar ya mwigizaji bora wa kiume, mtu mweusi wa nne kuipata hiyo. Jukwaani aliwashukuru watu wa Uganda.

Filamu yenyewe, wazazi, si ya watoto. Kuna mateso ndani, na kuna picha moja ya mwili wa mwanamke ambayo sisi wakubwa tuligeuza uso. Watoto walale kwanza.

Wawili kati yetu waliiona katika kibanda kimoja cha Koboko, sakafu ya udongo, mabenchi, na jenereta inayonguruma nje. Kibanda kilijaa wenyeji. Ilikuwa ajabu. Pale Whitaker anapotokea mara ya kwanza akihutubia watu, mikono juu, kicheko kile, vijana walishangilia kama mpira. Wazee hawakushangilia. Wengine walicheka kidogo, wakanyamaza. Ilipoisha tulimuuliza mzee mmoja aliyekaa karibu nasi, mwenye nyumba ambaye shamba lake linapakana na kambi, kama yule mtu amefanana naye. Akajibu: "Anacheka kama yeye kabisa. Anakasirika kama yeye. Lakini wanangu, sinema imeisha kabla sisi hatujaanza kukimbia."

Hatukumwelewa. Akaketi tena, akatueleza.

Filamu inaishia Entebbe, mwaka 1976, wakati wa ile ndege iliyotekwa. Inaongeza maandishi machache tu juu ya yaliyofuata. Lakini kwa watu wa huku, hadithi yao wenyewe ilianza pale Amin alipoanguka. Wanajeshi waliokuja baada yake walimwona kila mtu wa West Nile kuwa mtu wa Amin. Ukiwa Mkakwa, wewe ni Amin. Ukiwa Mlugbara, wewe ni Amin. Hata mama muuza samaki! Mwaka 1980 askari wa zamani wa Amin walishambulia kutoka ng'ambo ya mpaka, na kisasi kikawashukia raia. Tarehe 24 Juni 1981, katika misheni ya Ombaci karibu na Arua mjini, watu waliokuwa wamekimbilia kwa mapadri na masista waliuawa humo humo. Maelfu kwa maelfu wakavuka mpaka kwenda Zaire na Sudan. Mzee huyu alivuka akiwa na mke, watoto, na mbuzi mmoja. Alikaa upande wa Aru miaka mingi. Wengine walikaa Yei, Kajo Keji, Morobo. Walipewa ardhi, walipewa jembe, walijenga nyumba za nyasi.

Mnaona majina hayo? Aru. Yei. Morobo. Si ndiko sisi wengi tulikotoka? Mzee akatuambia amejifunza Kiswahili chake cha kununulia sokoni kwa watu wa kwetu, na kwamba mtoto wake mmoja amezikwa huko. Tulitembea kurudi kambini hatuongei.

Kwa hiyo Whitaker aliigiza mtu ambaye jina lake liliwakalia shingoni watu wengi wasiohusika. Wengine walilalamika. Walisema filamu inawarudishia aibu ile ile, dunia nzima ikisikia Koboko ifikirie damu. Sisi tunaona wana sababu. Wengine wakasema afadhali, kwa mara ya kwanza wamemwona Amin akiwa binadamu, anacheka, anaogopa, anabembeleza, siyo yule zimwi wa katuni za magazeti ya Wazungu. Na hapo ndipo panapotisha zaidi, kwa maoni yetu. Zimwi unalikimbia mapema. Mtu anayekuchekesha mezani unabaki naye mpaka umechelewa. Daktari wa kwenye filamu hiyo anabaki kwa sababu Amin anampendeza. Bila mwigizaji kukubali kumpa Amin uzuri wake, hilo usingeliona.

Whitaker mwenyewe amesimulia kwamba kumtoa yule mtu mwilini haikuwa rahisi. Kazi ilipokwisha alioga kama anayejisafisha kwa makusudi, akapiga kelele ili asikie tena sauti yake mwenyewe. Hili tulilikariri, maana ndilo lililotusaidia baadaye.

Na hakuondoka moja kwa moja. Wakati ule wa kupiga picha Uganda vita vya kaskazini vilikuwa bado vinaendelea, na watoto walikuwa wanatekwa. Yule Okello Sam tuliyewaambia mumkumbuke, mwigizaji na mcheza ngoma, alikuwa ameanzisha mahali panapoitwa Hope North karibu na Bweyale, pa kuwasomesha vijana walioharibiwa maisha na vita. Whitaker alikutana na vijana hao na hawakumtoka moyoni. Mwaka 2011 UNESCO ilimfanya balozi wake mwema, na baadaye mjumbe maalum wa amani na maridhiano. Mwaka 2012 akaanzisha shirika lake, Whitaker Peace & Development Initiative, ambalo limefanya kazi Sudan Kusini na Uganda, pamoja na kambi ya Kiryandongo. Wenye ndugu Kiryandongo waulizeni: wamewafundisha vijana kusuluhisha ugomvi, kompyuta, na kuanzisha biashara ndogo. Tusimfanye malaika. Mtu tajiri akisaidia ni vizuri, na shida za Kiryandongo bado zipo. Lakini ni wachache wanaokuja kuigiza maumivu ya mahali halafu wakarudi tena baada ya kuchukua tuzo.

Mwaka 2009 huko Nigeria, katika jimbo la Imo, wazee wa Kiigbo walimpa cheo cha heshima, kwa kuwa vipimo vya DNA vilionyesha asili ya upande wa baba yake ni huko. Jina la cheo hicho maana yake ni ndugu aliye ugenini. Mmoja wetu alipolisoma jina hilo kwa sauti, sote tulitikisa kichwa.

Turudi kwa mama na Komanda wetu.

Tulimwita mama tena, na kijana, na mwalimu wa maigizo. Tukamsimulia haya mliyoyasoma, kwa kifupi. Mama alisikiliza vizuri. Mwisho akasema: "Huyo wenu ni mzee, analipwa, ana nyumba kubwa ya kurudi. Mtoto wangu akimaliza mchezo anarudi bloku ile ile, bomba lile lile. Nani atamsafisha yeye?" Jamani, tulinyamaza. Alikuwa amesema kweli.

Halafu tukamuuliza kijana, jambo ambalo tungelifanya siku ya kwanza: kwa nini unaitaka sehemu hiyo? Akachukua muda. Akasema yeye ndiye pekee katika kikundi aliyewaona kwa macho, kwamba wenzake wanamcheza askari kama mlevi wa sokoni, wanayumbayumba watu wacheke. "Hawakuwa walevi," akasema. "Mmoja aliniita mdogo wangu. Akaniambia nisogee pembeni nisiungue." Mama yake alikuwa hajawahi kulisikia hilo. Aliweka mkono mdomoni. Mwalimu akatoka nje kidogo, nasi tukajifanya tunatafuta karatasi.

Tulichokubaliana ni hiki. Atacheza, lakini mama ndiye ameweka masharti. Nguo za mchezo hazitakuwa za kijeshi kabisa, itakuwa koti la kawaida tu, la kahawia, na hilo koti litakaa kwa mwalimu, halitalala nyumbani kwa mama. Neno la "mdogo wangu" litaingia kwenye mchezo. Na mchezo ukiisha, kabla ya kupigiwa makofi, kijana atavua koti mbele ya watu wote, aliweke chini, na kusema jina lake kamili na jina la baba yake. Hilo la jina la baba aliliongeza mama mwenyewe. Wenzake wote watafanya vivyo hivyo, kila mmoja na jina lake, ili asiwe peke yake.

Tunawaomba na nyie mlio bombani na uwanjani: mtoto huyo ana jina. Mtalisikia tarehe 20.

Mazoezi ni Jumanne na Ijumaa saa kumi jioni chini ya mwembe mkubwa karibu na ofisi. Wazazi mnaruhusiwa kukaa na kutazama, na mama yake huwa anakuja na kiti chake. Mwezi ujao, mvua ikiruhusu, tutarudi kwenye mboga.